Zabuni za programu: tudai C inayokubali kompaila mbili, au tunajisumbua bure?

Mleta mada

Wadau, hamjambo. Naleta hoja, mnirarue mtakavyo. Kwa wageni: C ni lugha ya kuandikia programu, na kompaila ni programu inayougeuza msimbo uwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha.

Sacco moja hapa Nairobi (jina naliacha, wenyewe wanajijua) ilikuwa na programu ya kukokotoa riba na gawio, iliyoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal enzi za DOS. Miaka kadhaa iliyopita walimlipa mwanakandarasi aihamishie kwenye C. Hakuiandika upya. Aliipitisha kwenye kigeuzi, yaani programu inayogeuza lugha moja kuwa nyingine, kikatema maelfu ya mistari yenye majina kama t14 na t15, akaijenga kwa kompaila ya GCC kwenye seva ya biti 32, ikakubali, akalipwa, akaenda zake. Mwezi uliopita seva ile ikafa. Tukanunua ya biti 64, tukaujenga msimbo uleule kwa GCC ileile bila kugusa hata herufi. Hesabu zikakataa kulingana. Si kwa mamilioni. Ni senti moja hapa, senti moja pale. Lakini mhasibu hataki kusikia "ni senti moja tu", na ana haki.

Nilihangaika na kosa hilo siku mbili. Mstari wenyewe kumbe ulikuwa unageuza shilingi kuwa senti: (int)(x * 100), ambapo (int) hukata desimali ibaki namba nzima. Chukua x iwe 0.35. Kompyuta haiwezi kuiandika 0.35 kamili kwa sifuri na moja, kwa hiyo huiweka pungufu kidogo sana. Kwenye seva mpya, ukizidisha kwa 100 jibu hukadiriwa ndani ya biti 64 likawa 35 kamili. Kwenye ile ya zamani GCC ilikuwa inapigia hesabu kwenye rejista za x87 (sehemu ya prosesa ya kupigia hesabu za desimali) zenye biti 80, ambazo ule upungufu zinauona: 34.9999 na kuendelea. Ukikata desimali unabaki na 34. Maana yake seva ya zamani ndiyo iliyokuwa inawapunja wanachama miaka yote hiyo. Sasa nenda kamweleze mwenyekiti hayo wiki moja kabla ya mkutano mkuu.

Hoja yangu: programu yoyote inayonunuliwa kwa pesa za umma, iwe ya kaunti, ya hospitali au ya shirika la maji, kama ni C iliyotoka kwenye kigeuzi, zabuni idai ijengwe kwa kompaila mbili tofauti, kwenye mashine za aina mbili, na majibu yalingane kabla ya malipo ya mwisho. Nani anapinga?

Fundi wa Ngong Road

Mimi napinga, tena kwa nguvu. Unaongeza gharama kwa mlipa ushuru ili ukidhi usafi wa vitabuni. GCC inapatikana kwa karibu kila aina ya mashine utakayoigusa. Kiini cha Linux chenyewe, moyo wa mfumo endeshi huo, kwa miaka mingi kilijengwa kwa GCC pekee, kimejaa nyongeza za GCC ambazo kiwango cha C, yaani kanuni rasmi za lugha, hakizijui, na hadi leo kinaiambia kompaila isitumie ujanja fulani ambao kiwango kinauruhusu. Je, kimeanguka? Chagua kompaila moja, andika toleo lake na swichi zake (maagizo unayoipa inapojenga) kwenye mkataba, lala usingizi. Shida yako ilikuwa swichi mbili tu: ungewaambia wajenge kwa -msse2 na -mfpmath=sse tangu mwanzo, usingekuwa hapa.

Mleta mada

Fundi, nakubali kuhusu swichi. Ila Linux ina jeshi la watu wanaojua kila mahali walipokiuka kiwango na kwa nini. Sacco ina mimi.

Na kigeuzi hakikiuki kwa makusudi kama wale wa Linux. Kinakiuka kwa kutojua. Tazama hii, niliikuta kwenye faili hiyohiyo:

hamisha(soma(), soma());

Namba ya akaunti ya kutoa inasomwa kwanza, ya kupokea ya pili. Ndivyo mwandishi wa kigeuzi alivyodhani. C haisemi popote kwamba kipengele cha kushoto kitangulie. Kwenye kompyuta yangu Clang, kompaila nyingine, ilianza kushoto, GCC ikaanza kulia, na zote mbili hazikutoa onyo hata moja. Kwa hiyo kwa Clang Mama Njeri anamtumia Otieno, kwa GCC Otieno anamtumia Mama Njeri. Dawa ni kigeuzi kisome kila namba kwenye mstari wake, kisha ndipo kiite hamisha. Lakini utajuaje una ugonjwa kama una kompaila moja tu? Kule Sacco hawakuujua kwa sababu sehemu hiyo ya programu ilikuwa haitumiki tena. Bahati, si ufundi.

Mhasibu mstaafu

Vijana, mtaniwia radhi, mimi si wa kompyuta. Lakini mleta mada amesema seva mpya inasema kweli, nikamwomba mjukuu wangu aijaribu kwenye laptopu yake, ya biti 64. Akaweka 4.35 mara 100, akakata desimali. Ikatoa 434. Senti moja imekwenda, na hiyo ndiyo mashine yenu mpya!

Kwa hiyo mashine mbili zinaweza kulingana na zote zikawa zimekosea. Kwangu kipengele cha kwanza cha zabuni kingekuwa: pesa zihesabiwe kwa senti, namba nzima, mwanzo hadi mwisho. Sisi tulifanya hivyo kwa kalamu kwenye leja, sioni kwa nini kompyuta ishindwe.

Mleta mada

Mzee, umenishika. Nimeijaribu sasa hivi, ni 434 kweli. Ile sentensi yangu kuhusu seva mpya naifuta.

Mwalimu wa kompyuta

Mnanishangaza nyote. Kwa nini C kwanza? Kompaila ya Free Pascal ipo, ni ya bure, inajenga kwa Windows, kwa Linux, hata kwa prosesa za ARM, na ina hali maalumu ya kuiga Turbo Pascal. Programu ingebaki Pascal na majina yake yenye maana badala ya t14. Kigeuzi kilikuwa suluhisho la tatizo ambalo halikuwepo.

Mleta mada

Mwalimu, ningefurahi sana. Tatizo ni kwamba mwanakandarasi aliwaachia C peke yake. Pascal hawana. Disketi zilitupwa walipohama ofisi.

Kijana wa Java

Andikeni upya kwa Java mmalize.

Mwalimu wa kompyuta

Kijana, kuandika upya hesabu ambayo hakuna aliye hai anayejua kanuni zake zote ni kutunga hesabu mpya. Kaa kitako usome.

Fundi wa vioski

Mimi natoka upande wa vifaa vidogo, naunga mkono mashine mbili kuliko hata kompaila mbili. Nilipewa C ya kigeuzi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mezani, niiweke kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM. Ikaganda. Ilikuwa inasoma faili herufi moja moja, inaiweka kwenye char, nafasi ya baiti moja, na kusimama ikipata EOF, alama ya mwisho wa faili, yaani -1. Kwenye prosesa za Intel, char hubeba namba hasi, kwa hiyo -1 inabaki -1. Kwenye Linux ya ARM, char haibebi namba hasi: ile -1 inakuwa 255, na 255 haitalingana na -1 milele. Inazunguka tu, prosesa inachemka kama sufuria ya githeri. Ilihitaji neno moja: int badala ya char. Kulipata nilimaliza jioni nzima.

Halafu kuna long, aina ya C ya kuwekea namba nzima kubwa. Linux ya biti 64 inaipa baiti 8, Windows ya biti 64 inaipa 4. Kama kigeuzi kinaandika rekodi za wanachama moja kwa moja kwenye diski na kuna long ndani yake, ukihamisha faili kutoka moja kwenda nyingine kila jina litaanza kusomwa katikati.

Mleta mada

Hapo kwenye long kuna funzo la zamani. f2c, kile kigeuzi cha Fortran cha Bell Labs na Bellcore, kiliweka aina zote za namba kwenye faili moja, f2c.h, na humo "integer" iliitwa long int. Mashine za biti 64 zilipokuja, dhana hiyo ikavunjika, lakini watu walijua pa kurekebisha: faili hiyohiyo moja. Siku hizi kuna int32_t na int64_t, aina zenye biti 32 na 64 kamili, tangu C ya 1999, kigeuzi kisichozitumia hakina udhuru.

Na kwa Fundi wa Ngong Road anayetaka kulala usingizi: mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaotolewa leo unavuka tarehe 19 Januari 2038. Siku hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi saa za hapa, time_t ya biti 32, namba ambayo C huhifadhia tarehe na saa, inajaa na kurudi 1901. Seva yetu iliyokufa ilikuwa nayo.

Narekebisha hoja. Mzee apewe namba nzima za senti. Mwalimu apewe chanzo cha asili na kigeuzi chenyewe, vikabidhiwe pamoja na C. Majibu ya mwaka mzima kutoka mashine ya zamani yahifadhiwe kama kipimo, na kila tofauti ielezwe kwa maandishi, maana nyingine ni kosa la zamani. Kompaila mbili na mashine mbili zinabaki.

Fundi wa Ngong Road

Chanzo cha asili nakubali, hilo halina ubishi. Kompaila mbili bado nasema ni anasa. Na hiyo mashine ya pili atainunua nani, kaunti?

Fundi wa vioski

Nina Raspberry Pi mbili kabatini. Moja naitoa bure, njoo uichukue.

Fundi wa Ngong Road

Jumamosi nipo. Niletee na ile faili ya char, nataka kuiona ikizunguka kwa macho yangu.