Jordi ndiye Joji

*Ukoo wa Mzee Joji*

Neema: Shikamooni wote. Mtoto kafika salama, kilo 3.4. Anaitwa Jordi 🙏

Shangazi Stela: Marahaba, hongera mwanangu! Ila Jordi ndiyo nini tena? Si tulikubaliana jina la babu?

Baba Mdogo: Jordi Alba, yule aliyekuwa beki tatu wa Barcelona 😂

Neema: Shangazi, ni hilohilo. Wakatalani, watu wa huku Hispania upande wa Barcelona, Joji wanamwita Jordi. Asili yake Kigiriki, Georgios, maana yake mkulima.

Shangazi Stela: Mkulima! Hapo umepatia. Babu yako sasa hivi yuko kwenye migomba.

Frank: Kwenye cheti si wangeandika Jorge tu, Kihispania?

Neema: We kaka, usiyaseme hayo mbele ya baba mkwe wangu. Kazaliwa enzi za Franco, yule dikteta wa Hispania, majina ya Kikatalani hayaandikishwi. Nyumbani Jordi, kwenye cheti Jorge. Sheria ilikuja kulegezwa 1977, yeye ana ndevu tayari.

Baba Mdogo: Ndiyo ile ya Cruyff, yule Mholanzi aliyechezea Barcelona!! Mwanawe alizaliwa Amsterdam, Februari 1974, akamwandikisha Jordi hukohuko. Kurudi Barcelona, karani anataka Jorge. Cruyff akagoma, makaratasi ya Uholanzi yanasema Jordi, basi ni Jordi. Wakanywea. Dogo akaja kucheza Barcelona na Manchester United, mgongoni JORDI.

Neema: Baba mkwe akiisimulia hiyo lazima atoe leso.

Frank: Kwa hiyo huko kila mtoto Jordi?

Neema: Wapi! Kazini kwetu wapo wanne, wote wana mvi. Watoto wa siku hizi ni Marc, Jan, Pol. Hata mkunga kaniuliza, "Jordi? Kama baba yangu?"

Mama Neema: Wewe mwambie kama babu yangu.

Neema: 😂😂 Ila 23 Aprili, sikukuu ya Sant Jordi, ndiyo utajua jina lina wenyewe. Barabarani ni meza za vitabu na mawaridi mekundu mpaka hupati pa kupita. Yule mtakatifu aliua joka, wanasema damu ya joka ikaota waridi.

Shangazi Stela: Nimemsomea babu yote. Kafurahi. Anauliza huyo Jordi atapata wapi shamba huko ghorofani?

Neema: Mwambie barazani kuna ndoo mbili za nyanya 🍅