Kuongeza kasi ya Ryzen 7 5800X hapa Lubumbashi: maji au hewa, na pawasaplai gani?

Montaji_Katuba
Jambo bandugu. Mashine yangu ni ya montaji ya video za harusi na za matanga: prosesa Ryzen 7 5800X, kadi ya michoro RTX 3060, mazabodi (bodi kuu) ya B550, kipoozeo kidogo cha feni moja. Pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) imeandikwa wati 600. Nataka kuongeza kasi ya prosesa ili video zitoke kabla delestaji (mgao wa umeme) haijatukuta. Makuta yangu yanatosha njia moja tu:

A. Kipoozeo cha maji cha milimita 240, pawasaplai ibaki hii hii.
B. Kipoozeo cha hewa cha minara miwili, pamoja na pawasaplai mpya ya wati 650 yenye alama ya 80 PLUS Gold (alama ya kutopoteza umeme mwingi).
C. Niache kasi kama ilivyo, ninunue UPS kubwa (betri ya kushika mashine umeme ukikatika).

Mngenishauri ipi? Jioni umeme wa mtaani kwetu unashuka hadi volti 170.

Fundi_Kamalondo
Ndugu, kabla hatujabishana, fungua ubavu wa kasha usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai. Achana na ile 600 ya herufi kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, kwa maana prosesa na kadi ya michoro zote zinakula hapo, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Angalia pia volti inazopokea kutoka ukutani. Utuletee namba hizo mbili.

Montaji_Katuba
Volti 12 ina ampea 30. Inapokea 200 hadi 240.

Fundi_Kamalondo
Basi A iondoe. Ampea 30 mara 12 ni wati 360. Hesabu matumizi yako: 5800X ikiwa vile ilivyotoka kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142, na ukiibana kwa kasi ya juu inaweza kukaribia 200. RTX 3060 ina 170. Feni, diski na mazabodi wape 40 au 50. Tayari umepita 400, na montaji inashughulisha prosesa na kadi kwa wakati mmoja.

Jambo la pili kwangu ndilo zito zaidi. Pawasaplai ya 200–240 haikutengenezwa kwa volti 170. Volti ikishuka, inavuta ampea nyingi zaidi ili itoe wati zilezile: wati 400 kwa volti 230 ni kama ampea 1.7, kwa 170 ni karibu 2.4, na joto linapanda ndani yake. Tafuta iliyoandikwa 100–240. Hiyo jioni ya Katuba haitaisumbua. Kwa mji wetu mimi naitazama namba hiyo kabla ya neno Gold.

Yaya_BelAir
Nakubaliana na fundi. Mimi niseme juu ya maji na hewa, kwa sababu naona vijana wengi wanavutiwa na taa za kipoozeo cha maji.

Prosesa hii ina kore zake 8 (sehemu zinazofanya hesabu) zote kwenye kipande kimoja kidogo cha silikoni, na joto lote linatokea mahali padogo sana. Shida yake ni joto kutoka kwenye kile kipande; likishafika kwenye shaba ya kipoozeo, mnara mzuri wa hewa unalibeba bila tabu. Ndiyo maana kwa 5800X maji yanakupa nafuu ya digrii chache tu. Ingekuwa prosesa kama i9-13900K, ambayo Intel wenyewe wanairuhusu wati 253, ningeongea mengine.

Halafu fikiria siku ya kuharibika. Mnara wa hewa, kinachokufa ni feni, na feni ya milimita 120 utaipata hata ya mtumba. Kipoozeo cha maji, pampu ikisimama kazi inasimama nayo, na maji yenyewe yanapungua polepole kupitia mipira miaka inavyokwenda. Hapa nani atakufungulia na kuijaza? Utaagiza kingine na kusubiri, huku mwenye harusi anapiga simu kila asubuhi.

Pima kasha lako kwanza. Peerless Assassin 120 SE, kipoozeo kimoja cha minara miwili, ina kimo cha milimita 155. Kioo cha ubavuni kisije kikagoma kufunga.

Etudia_Kasapa
Samahani wakubwa, niongeze hesabu. Wati za prosesa zinapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti zinapanda kwa kipeo cha pili. Chukua mfano wa kutoka gigahezi 4.0 hadi 4.4 huku volti ikitoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 10, wati zimeongezeka karibu asilimia 39! Tena kwenye 5800X ukifunga kasi moja kwa kore zote, unapoteza ule mruko wake wa gigahezi 4.7 kwa kazi za kore moja. Afadhali Curve Optimizer ndani ya BIOS (mipangilio ya mazabodi): unaipunguzia volti, yenyewe inapanda kadiri joto linavyoiruhusu.

Yaya_BelAir
Mdogo wangu amesema vizuri, na hapo ndipo C inapoingia. Kila wati unayoongeza utailipia tena kwenye UPS. UPS za VA 650 (VA ni kipimo cha ukubwa wa UPS, si sawa na wati) nyingi hazifiki wati 400. Mashine ya wati 420 itaizima palepale umeme unapokatika. Na wenye betri za nyumbani: betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, ukitumia nusu yake usiiue, ni kama wati-saa 1,200. Kwa mashine ya wati 400 hufiki saa tatu. Kwa 250 unakaribia tano.

Montaji_Katuba
Aksanti sana wakubwa, na wewe pia mdogo wangu. Nachukua B, ya 100–240, na Curve Optimizer badala ya kufunga kasi. UPS nitaitafuta baada ya msimu wa harusi. Nyaya za pawasaplai ya zamani naweza kuzitumia?

Fundi_Kamalondo
Hapana! Vichwa vyake vya upande wa pawasaplai havifanani kati ya kampuni na kampuni hata kama vinaingia. Utachoma mazabodi.

Na jaribio usilifanye usiku wa Julai. Chumba kikiwa digrii 18 na prosesa 78, tofauti ni 60. Oktoba chumba kikifika 32, tofauti hiyohiyo inakupeleka 92, na kikomo cha 5800X ni 90: yenyewe itashusha kasi. Jaribu saa nane mchana, dirisha limefungwa, OCCT (programu ya kuijaribu mashine kwa kazi nzito) iende saa nzima. Ukiwa Julai bado, jiwekee mpaka wa 75.

Vumbi letu jekundu lifute kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Usipeleke mashine kwenye kompresa ya fundi wa matairi, ile inatema maji pamoja na hewa.