Mwajiri mpya, kiti kilekile: ile miaka yako inakwenda wapi?

Mtoa mada:
Wakuu, kwema? Nina jambo nataka tulijadili, matusi tuyaweke pembeni.

Mwaka juzi kampuni niliyokuwa nafanyia kazi hapa Dar, sitaitaja, iliuza kitengo chetu cha usambazaji kwa kampuni nyingine. Tukaitwa kantini saa nane mchana, tukadhani ni habari za bonasi. Mezani tukakuta barua mbilimbili zimebanwa pini. Ya kwanza inasema mkataba wako umekwisha kwa makubaliano. Ya pili inakukaribisha kwa mwajiri mpya, mshahara uleule, na kule chini: kipindi cha majaribio miezi sita. Dada wa rasilimaliwatu alikuwa na kalamu moja tu, inazunguka mkono kwa mkono, na nje gari la mizigo linapigiwa honi lipishe njia, dereva wake yuko ndani na sisi anasaini.

Nilikuwa na miaka 11. Jumatatu nikakaa kiti kilekile, kompyuta ileile, mama wa chai akanimiminia kama kawaida. Kilichobadilika ni kamba ya kitambulisho shingoni. Tulipouliza kiinua mgongo, tukajibiwa kazi haijakatika, imehama tu. Tulipouliza mbona basi kuna majaribio, tukajibiwa huu ni mkataba mpya. Yaani kwenye malipo kazi imehama, kwenye haki kazi imeanza upya. Chagueni moja jamani!

Nikilalamika, watu wananiambia nishukuru sijakosa kazi. Hapo ndipo tunapokosea swali. Hata 2023, mjadala wa kuipa DP World, kampuni ya Dubai, kazi ya kuendesha bandari ya Dar ulipopamba moto, wengi tulikuwa tunauliza kama wafanyakazi watapoteza ajira, na serikali ikajibu hilohilo, kwamba hakuna atakayepoteza. Wachache sana waliuliza miaka yao itahesabiwaje.

Na miaka ni kitu. Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hana ule ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Halafu kuna mtego: ukipunguzwa kazi ukakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala, hata iwe kwa mwajiri mwingine, kiinua mgongo hicho unakikosa. Ukisaini umepoteza miaka, ukikataa unaweza kupoteza hela.

Waganda kwenye sheria yao ya 2006 wameandika kwamba biashara ikihamishwa, mikataba ya watu inahama nayo. Afrika Kusini wanacho kifungu hicho tangu 1995, Uingereza tangu 1981. Kwetu sijakiona. Mimi nasema kiwekwe. Nyie mnasemaje?

Mwenye kiwanda cha mikate:
Mkuu, pole, ila ngoja nikuonyeshe upande wa pili. Nilinunua kiwanda cha mikate kilichokuwa kinakata roho. Nikakuta watu 19, wengine wana miaka 15 pale. Sheria ingeniambia nibebe miaka yao yote, ningenunua mashine na leseni, wale 19 wangekwenda nyumbani. Mnaomba kifungu kitakachowafukuzisha watu.

Mtoa mada:
Tupige hesabu, kaka. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa 520,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata 20,000 kwa siku. Mara siku 7 ni 140,000. Mara miaka 10 ni 1,400,000. Chukulia wote 19 wamefika kikomo na wote wana mshahara huo, jambo ambalo nadhani kwenye mikate halipo: ni 26,600,000. Tena hulipi siku unayonunua, ni deni la siku utakapompunguza mtu. Ulipokagua vitabu, deni la kodi ulilitoa kwenye bei. Deni la umeme ukalitoa. La watu peke yake ndilo likaonekana mzigo?

Mwenye kiwanda cha mikate:
Hesabu yako nzuri, lakini muuzaji alikuwa amefilisika. Hapakuwa na bei ya kukata. Nililipa benki, yeye akaondoka mikono mitupu.

Mtoa mada:
Hapo umenishika, nakubali. Kampuni ikishafilisika iwe na utaratibu wake, hata Waingereza huko wamelegeza. Lakini iliyotuuza sisi haikufilisika. Iliuza kitengo kwa faida na mwezi huohuo ikafungua ofisi mpya.

Mpwani wa Mombasa:
Mabibi na mabwana, hodi kutoka ng'ambo ya mpaka. Sheria yetu ya kazi ya 2007, mwajiri akikupunguza anampa notisi ya mwezi mmoja afisa wa kazi, na chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama, kisha analipa angalau siku 15 kwa kila mwaka. Na haikomi miaka 10. Basi kampuni yetu ilipouzwa tulilipwa kwanza, ndipo tukaajiriwa upya na mnunuzi. Mimi sikulia. Nyumba yangu ya Kisauni ilikuwa imesimama kwenye msingi miaka minne, pesa ile ikaifikisha kwenye linta. Wewe unataka miaka yako ihame kwenye karatasi, mimi nilitaka yangu mkononi. Fundi halipwi kwa barua ya uthibitisho.

Mtoa mada:
Kaka yangu wa Mombasa, na mimi ningelipwa kwanza nisingefungua mada. Hiyo ni njia ya pili na ni ya haki. Ninachokataa ni ile ya katikati: hulipwi na huhesabiwi. Ila kumbuka siku umepokea pesa umerudi kuwa mpya. Mnunuzi akiamua baada ya miezi mitatu kwamba mko wengi, anaanza na nani?

Mtoto wa reli:
Wengi humu ni vijana, niwakumbushe kidogo. Baba yangu alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 waliamka mali imegawanywa kwa nchi tatu, wao wakaendelea na kazi chini ya shirika jipya la Tanzania, treni zilezile. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa Arusha 1984. Zaidi ya miaka 20 baada ya kuvunjika, wazee wale bado walikuwa wanakwenda mahakamani kudai mafao yao. Baba aliweka risiti zake kwenye kopo la kahawa. Hakutupa hata moja. Kwa hiyo akitokea wa kusema haya ni mambo ya makampuni binafsi tu, mimi nacheka.

Mlinzi wa geti:
Nyie mnazungumzia kuuzwa mara moja. Mimi nalinda geti moja la ofisi, geti hilohilo, mwaka wa tisa. Kila zabuni ikiisha inaingia kampuni mpya ya ulinzi na sisi tunabaki, kwa sababu tunajua magari ya wakubwa na mlango wa nyuma. Nimeshavaa sare za kampuni nne. Kila inayokuja mimi ni mwaka wa kwanza. Likizo, mwaka wa kwanza. Nyongeza, mwaka wa kwanza. Kifungu chenu cha biashara kuuzwa kinanihusu mimi? Hapa hakuna aliyeuza kitu, zabuni imebadilika tu.

Mtoa mada:
Mzee wangu, shikamoo. Kusema kweli wewe ndiye ulipaswa kufungua mada hii. Kifungu kikiandikwa kwa ajili ya biashara kuuzwa tu, wewe unabaki nje, na walio kama wewe, walinzi na wafanya usafi, ni wengi kuliko sisi wa kompyuta. Waingereza walilifikiria hilo waliporekebisha kanuni zao 2006, wakaingiza na huduma inayotoka kwa mkandarasi mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa sasa, una vitambulisho vyote vinne? Ushahidi wa kwamba geti ni lilelile unao?

Mlinzi wa geti:
Marahaba. Ninacho hiki cha sasa. Vile vitatu nilirudisha pamoja na sare, buti na tochi, bila hivyo hupewi mshahara wa mwisho.

Mtoa mada:
Basi chukua taarifa ya michango NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha kila mwajiri na miezi yake.

Mlinzi wa geti:
Nilishachukua. Kampuni ya pili imeandika miezi mitano. Nilikaa nayo miaka miwili.