Ukivuka 40 akili inashuka kweli, au ni namna ya kufikiri tu inabadilika?

Gungu_Juu:
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nina miaka 43, mwaka huu nimerudi shule nasoma QT (ile ya watu wazima kujipima kabla ya mtihani wa kidato cha nne) jioni nikishafunga duka. Darasani wengi ni vijana wa 19, 20 hivi, wananiita mzee, poa tu sina shida na hilo. Kinachonichanganya ni hiki: hesabu za x na y madogo wananiacha mbali, mimi bado nahamisha namba upande wa pili wao wameshafunga madaftari wanachezea simu. Ila juzi ticha wa siviksi katupa kisa, mke kamwambia mumewe siku ukirudi tena umelewa nachukua watoto naondoka, usiku huo jamaa karudi chakari, je mke kaondoka? Madogo karibu wote wakasema kaondoka, si alishasema. Mimi na mama mmoja tunayesoma naye tukabaki tunaguna. Ana pa kwenda? Watoto wana mitihani? Hayo maneno alishayasema mara ngapi? Wakatucheka eti swali dogo tunalizungusha. Ticha naye akamalizia kwamba ubongo unakomaa kwenye 25, ukitoka hapo ni mteremko tu.

Sasa wajuzi, ni mteremko kweli? Na kama ni mteremko mbona kwenye kisa naona mimi ndo nimeona mbali kuliko wao? Au najifariji?

Kipe_Kimoja:
Huyo mke haondoki. Nauli ya Kasulu usiku huo anampa nani, ticha? 😂

Mtu_wa_Ipuli:
Mwangaluka wakuu. Niko Tabora, saikolojia nimeisoma chuo na sasa nafundisha, nitaandika ndefu kidogo mwenye haraka apite.

Mkuu Gungu, hicho kisa ticha wako hajakitunga. Kinatoka kwenye tafiti za Gisela Labouvie-Vief kule Marekani miaka ya 1980, waliwapa watu wa rika mbalimbali wakasikiliza wanavyojibu. Wadogo wengi walijibu kama wenzio wa darasani, sharti limetimia basi kaondoka. Watu wazima wengi wakaanza kuuliza yale yale mliyouliza nyie. Sio kwamba logiki iliwashinda, waliiona vizuri tu, ila wanajua maneno ya mtu mwenye hasira hayana nguvu kama kanuni ya hesabu.

Hapo nyuma Jean Piaget, yule Mswisi, alisema hatua ya mwisho ya kufikiri inaanza kwenye miaka 11 au 12, mtoto anaanza kuweza kufikiria "ikiwa hivi basi vile" hata kwa kitu asichokiona. Watu wakachukulia baada ya hapo hakuna jipya. 1973 Klaus Riegel akasema hapana, mtu mzima anaishi katikati ya mambo yanayopingana, na ukomavu ni kuweza kufikiri huku mpingano upo, usilazimishe upande mmoja ufe. Na William Perry pale Harvard, kitabu chake ni cha 1970, aliona wanafunzi wanaingia chuo wanadai jibu moja sahihi toka kwa mwalimu, baadaye wanahamia kila mtu na mtazamo wake, halafu wachache wanafika pale ambapo mtu anachagua msimamo na anausimamia huku anajua wengine wana sababu zao. Kwa hiyo hujifariji.

Ila x na y nako madogo wanakuzidi kweli, usibishe. Raymond Cattell na mwanafunzi wake John Horn walitenganisha akili ya aina mbili, ile ya kushika kitu kipya haraka na kukigeuzageuza kichwani, hiyo inaanza kupungua mapema, na ile iliyojengeka, maneno, ujuzi, kujua watu na mambo yanavyokwenda, hiyo inaendelea kupanda hadi utu uzima kabisa. Wewe darasani unapimwa kwa ya kwanza, dukani unakula kwa ya pili.

Kuhusu mteremko wa baada ya 25 ngoja nimtetee ticha kidogo halafu nimkosoe. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kujizuia, kweli inaendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu. Ila kumaliza kukomaa sio kuanza kuoza. Huo mteremko ulitokana sana na namna ya kupima. Unachukua kijana wa 25 na mzee wa 65 siku moja unawapa mtihani mmoja, mzee anapata kidogo, unasema umri umemla. Kumbe mzee kasoma miaka michache, karatasi za kuchagua jibu hajawahi kuziona, utotoni hakupata lishe wala dawa kama kijana. Umepima vizazi viwili ukadhani umepima umri. K. Warner Schaie alianza utafiti wake Seattle, Marekani, 1956, akawa anawarudia watu wale wale kila baada ya miaka 7, na anaongeza wapya. Picha ikageuka, uwezo mwingi ulikaa vizuri hadi kwenye miaka ya 60 hivi, kasi ndo ilianza kushuka mapema, na watu walitofautiana sana. Fikiria hapa kwetu sasa, mtu aliyejua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 70 unamlinganisha na mjukuu wake wa fom foo halafu unasema bibi akili imechoka. Sio haki hiyo.

Bangwe_Boy:
Mzee mwenzangu umeandika vizuri ila mnawapamba sana wazee. Mimi ninaye baba mkubwa ana 70, ukimwambia kitu ambacho hakukianzisha yeye hasikii, kiwanja kimekaa na mgogoro kwa sababu "mimi ndo mkubwa". Hiyo ndo busara ya kuona pande zote?? Umri hauleti akili, unaleta sauti kubwa tu.

Mtu_wa_Ipuli:
Bangwe hapo nakuunga mkono na utafiti upo. Paul Baltes na wenzake Berlin waliwapa watu mitihani ya maisha, ushauri wa mambo magumu, wakapima busara ya majibu. Kati ya vijana wa miaka 20 na kitu hadi wazee wa 70 na kitu umri wenyewe haukuonyesha kuongeza chochote cha maana. Aina ya maisha, kazi ya kukaa na matatizo ya watu, kuwa wazi kwa mawazo mapya, ndo vilikuwa na uzito zaidi. Baba mkubwa wako kakaa tu, miaka ikampita. Tena anaweza kuwa na busara dukani na akawa mgumu kwenye kiwanja, hii namna ya kufikiri haikai mwili mzima kama homa.

Binti_Kibirizi:
Naongezea la mama yangu, ana 61, shule aliishia la nne. Anauza dagaa. Akifika kwenye mzigo anachukua watatu wanne anawavunja karibu na sikio, wasipolia kavu anarudisha anaondoka bila neno. 2024 walipofunga uvuvi ziwa Tanganyika katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, yeye alishajipanga mapema, kagawa mtaji, mzigo kidogo kaweka stoo, nyingine kaingiza kwenye mahindi, mbalamwezi kahesabia humo humo maana kwenye mwezi mkubwa wavuvi hawatoki na taa. Kuna mwenzake kaweka yote kwenye dagaa kapata hasara waliingia wadudu.

Sasa mdogo wangu alimletea swali la shule, "mama tuseme gunia la dagaa ni elfu 20 ukauza kwa elfu 26". Mama: gunia elfu 20?? Wa wapi hao, wameibwa? Dogo: ni mfano tu mama. Mama: mfano wa kuibiwa siujibu. Tulicheka hadi basi. Hapo akili yake imekwama au vipi?

Kipe_Kimoja:
Mama yuko sahihi, gunia la elfu 20 lina kesi ndani 🤣

Mtu_wa_Ipuli:
Binti nimeipenda hii maana ipo kabisa kwenye historia. 1931 na 1932 Mrusi Alexander Luria alienda Uzbekistan kwa wakulima wasiosoma, akawaambia huko kaskazini mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wakajibu sijafika huko, siongelei nisichokiona. Waliokaa darasani hata kwa muda mfupi walijibu weupe, wamemaliza. Kwa hiyo kucheza na "tuseme" ni mazoea ambayo shule inayafundisha, na mtu mzima anaweza kuyaanza kwa umri wowote. Mama hesabu anayo, dogo angeweka bei ya kweli ya dagaa hapo Kibirizi angeshindwa yeye. Gungu, wewe hizo x na y ni "tuseme" tupu, jipe muda mrefu kwa kila swali, andika kila hatua usishike kichwani, na rudia kesho yake sio usiku huo huo.

Gungu_Juu:
Nashukuru sana wakuu. Swali dogo la mwisho, mimi nasahau majina ya wateja siku hizi, nayo ni hiyo kasi au nianze kuogopa?

Nesi_wa_Zamu:
Jina linakuja baadaye ukishaoga, hiyo kawaida. Wa kuogopa ni mtu anayetoka mtaa wa Mwanga kwenda kwake njia ya kila siku akapotea, au anauliza jambo lile lile mara nne ndani ya saa na hakumbuki kama kauliza, au kabadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu. Hao tuleteeni hospitali msiseme uzee wala msikimbilie kwa mganga, na ikiwa mdomo umepinda au mkono umelegea ghafla ni saa hiyo hiyo. Wewe kwa 43 pima presha na sukari, pombe punguza, na macho pia, wengine wanaona hesabu ngumu kumbe ubao hawauoni.