Choo cha ghorofani Mkunazini: vitu vyote hivi niviweke wapi?

Mama wa Mkunazini

Assalaam alaykum jamani. Naomba rai zenu kabla fundi hajaanza kuvunja, maana akishavunja hakuna tena la kusema.

Nyumba ni ya mawe na chokaa, ya marehemu baba, hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Choo tunachokogea kipo juu. Zamani kilikuwa sehemu ya chumba kikubwa, kikakatwa kwa ukuta wa matofali, ndiyo kimebaki chembamba: mita 1.6 kwa 2.7. Unaingia upande mwembamba, mlango unafungukia ndani, na mbele yako dirisha la njiani. Kulia ni huo ukuta wa matofali, wenye sinki na kiti cha choo. Kushoto ni ukuta wa zamani, mnene, umepigwa plasta ya saruji tangu mimi nasoma skuli. Tunakoga kule mwisho, chini ya dirisha.

Ijumaa iliyopita nilitoa kila kilichomo nikakipanga juu ya mkeka ukumbini, nijue nina nini. Pipa la maji la lita 120, kwa sababu maji kwetu yanakuja kwa zamu na mama yangu ana maradhi ya miguu, siwezi kumwambia asubiri. Ndoo mbili za lita 20. Makopo matatu. Kigoda anachokalia mama akitawadha, na mitalawanda yake, viatu vya mbao; malapa hataki hata kuyaona. Mataula ya watu sita. Sabuni, shampuu, miswaki, dawa za mama za presha na sukari, dawa za kusafishia choo, brashi, ufagio. Halafu vya kwetu wanawake: liwa na kopo la singo vya kujisugulia mwili, mafuta ya nazi, vitana, udi. Binti yangu anaolewa baada ya Idi Kubwa, na nyumba itajaa wageni kutoka Pemba na Dar es Salaam.

Miaka mitatu nyuma nilitengenezewa kabati la mbao za unga, zuri, jeupe. Masika moja tu ilitosha. Milango ilivimba ikawa haifungi, na chini likafumuka kama mkate uliochovywa chai. Nililia kwa pesa zangu.

Sasa nataka kurudi kwenye vidaka, yale mashimo ya kuwekea vitu yaliyomo ndani ya ukuta, kama nyumba za wazee wetu. Nimefikiria nikate viwili kwenye ukuta wa njiani, kimoja kila upande wa dirisha. Ukuta ule nimeupima pale dirishani, sentimita 58. Fundi anasema ni kazi ya siku moja. Mnasemaje?

Fundi wa Chokaa

Waalaykumu salaam mama. Fikra ya vidaka nzuri sana, ila ukuta uliouchagua siwo. Tafadhali mzuie huyo fundi.

Tazama juu, uangalie boriti zimelala vipi. Nyumba hizi vyumba vyake ni vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo. Choo chako kina urefu wa mita 2.7, basi nahisi boriti zimelala kwa urefu huo: kichwa kimoja kimeingia ukuta wa njiani, cha pili ukuta wa ukumbini wenye mlango. Kuta hizo mbili ndizo zilizobeba. Ukuta wa njiani tayari una dirisha. Ukitoboa kulia na kushoto kwake, uzito wote unabaki kusimama juu ya viguzo viwili vya mawe madogo madogo yaliyoshikwa na chokaa. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la zamani la Forodhani, ilipoporomoka Disemba 2020, mimi nikiambiwa ukuta wa aina hii utakatwa kwa siku moja huwa sikubali kusimama karibu.

Tena Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kukata ukuta kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nenda ukawaone kabla, watakuja waangalie.

Ukuta wako wa kushoto, ule mnene wa zamani, ndio wa kuutazama. Kama boriti zimelala nilivyosema, zinapita sambamba nao, haziuegemei. Chukua nyundo, igeuze, tumia mpini wa mti. Gonga polepole kuanzia usawa wa kiuno mpaka juu ya kichwa, kila shibiri moja. Jiwe linajibu kwa sauti nzito, kavu. Ukisikia sauti tupu, pachore kwa chaki. Vyumba vikubwa vya zamani aghalabu vilikuwa na vidaka ukuta wa mwisho, na waliokuja baadaye wakavijaza kifusi wakapiga plasta juu.

Jambo la pili hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi kuliko vidaka. Pipa la lita 120 likijaa ni kilo 120, kila lita kilo moja, na hilo limekaa juu ya boriti saa 24. Liko wapi sasa hivi? Kama liko katikati ya choo, lisogeze kona ya dirishani, lishikane na ukuta wa njiani. Boriti karibu na ukuta ina nguvu, katikati ndipo inapopinda.

Shangazi wa Wete

Shoga, mie sina ujuzi wa boriti, nyumba yangu ya matofali. Lakini nimemuuguza mama mkwe miaka sita na choo changu nimekitengeneza mara mbili, mara ya kwanza nikakosea.

Nilikosea kwa kupima vitu badala ya kumpima mtu. Nikaweka rafu nzuri usawa wa macho yangu. Mama mkwe akikaa kigodani hafikii hata sabuni, ananiita, au mbaya zaidi anajivuta kwa kushika beseni. Basi fanya hivi: mkalishe mama kwenye kigoda chake pale anapotawadhia, mwambie anyooshe mkono bila ya kuinuka, na wewe weka alama mkono unapofika. Kwa mama mkwe ilikuwa sentimita 95 kutoka chini. Vyake vyote vikae chini ya alama hiyo: kopo, sabuni, mswaki, kitana. Na mitalawanda iwe upande wa mlangoni pakavu, asiivae ikiwa na maji ndani. Karibu na hapo mtilie chuma cha kushikia, kikazwe kwa skrubu ndefu kwenye ukuta madhubuti. Asishike rafu, rafu si ya kubeba mtu.

Mlango wako ugeuze ufungukie nje. Nilipougeuza wangu nilipata kona nzima nyuma yake, ndiyo leo inakaa ufagio, brashi na ndoo moja ndani ya nyingine. Na mgonjwa akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani anauzuia kwa mwili wake, hamwingii. Hilo limenikuta.

Mataula ya watu sita yasikae chooni hata siku moja. Humo hayakauki, yanafanya uvundo. Kila mtu na lake chumbani, na moja la mikono chooni basi. Ukitoa mataula utaona nusu ya shida yako imeondoka.

Ukitaka mbao, chukua mfenesi uliokauka vizuri, vipande vyembamba vyenye nafasi katikati ili maji yapite. Rafu yangu ya juu ya mlango ni ya mfenesi, ina miaka minne, naifuta na kuipaka mafuta kabla ya masika. Huko juu naweka vya wageni na vya harusi. Hongera kwa binti, Mungu awajaalie.

Kijana wa Michenzani

Sisi kwenye maflati kuta ni za zege, kukata huwezi. Nilinunua rafu ya chuma ya kusimama juu ya kiti cha choo. Rafu yenyewe nzima mpaka leo, skrubu zake ndizo zilizooza kwa kutu ndani ya mwaka, ikaja ikaning'inia upande mmoja. Ukinunua chochote cha chuma kisichoshika kutu, uliza kama ni namba 316. Kile cha 304 ni rahisi lakini hewa ya chumvi inakipata. Na skrubu ziwe namba hiyo hiyo.

Mfamasia wa Mwanakwerekwe

Naomba dawa za mama zitoke chooni leo, usisubiri ukarabati. Mvuke na joto vinaharibu vidonge kabla ya tarehe yake kufika, na vile vijiti vya kupimia sukari vikipata unyevu vinaweza kutoa hesabu ya uongo. Mtu akapunguza au akazidisha dawa kwa hesabu hiyo, ni hatari. Weka chumbani, mbali na dirisha lenye jua, kwenye kopo lenye kifuniko.

Dawa za kusafishia nazo zisikae pamoja. Ile ya klorini ya kung'arishia na ile ya tindikali ya kuondolea madoa ya choo zikichanganyika, hata matone yaliyovuja, zinatoa hewa ya sumu. Chooni pa mita 1.6 na dirisha dogo, mtu anaweza kuzidiwa. Moja ibaki humo juu asipofika mtoto, nyingine peleka jikoni au uani, nayo juu vile vile.

Mama wa Mkunazini

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Shukran nyote.

Nimegonga. Siku ya kwanza sikusikia kitu, nikadhani mkono wangu haujui. Siku ya pili nikamwita kaka yangu, yeye anagonga mie nimeweka sikio ukutani. Kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, karibu na mlango, sauti ikabadilika. Tukachora. Watu wa Mamlaka walikuja, wakatazama boriti, na zimelala vile vile alivyosema Fundi wa Chokaa. Wakaturuhusu tuondoe plasta ya saruji pale tu.

Ndani mlikuwa kifusi, vipande vya vyungu, na magazeti yaliyooza. Tulipomaliza kuzoa kimebaki kidaka kamili, juu kimepinda kama upinde, upana sentimita 52, kimo 74, kina 30. Mama akaletwa akione. Akasema humu bibi yake aliweka taa ya mafuta na marashi. Mimi nimezaliwa nyumba hii na sikulijua hilo.

Kimo cha mkono wa mama akikaa ni sentimita 104, kwa hiyo chini ya kidaka anapafikia akisogezewa kigoda. Tumekigawa kwa ubao mmoja wa mfenesi. Chini vyake, juu liwa, singo na mafuta. Mlango umegeuzwa. Pipa liko kona ya dirishani. Pale nilipokuwa nimeliweka ni katikati kabisa, na marumaru mbili za pale zilikuwa na ufa. Dawa zimehamia chumbani. Mataula pia, ingawa watoto wananung'unika.

Swali la mwisho: ndani ya kidaka mawe yako wazi. Fundi wangu anataka kuziba kwa saruji na marumaru ili "kisishike maji". Na je, nitie kijimlango cha kioo?

Fundi wa Chokaa

Mashaallah mama, nimefurahi kama kidaka ni changu.

Saruji hapana. Ukuta huu unanyonya unyevu na kuutoa wenyewe. Ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu miwili plasta inabanduka na kuondoka na mawe. Piga chokaa na mchanga, matabaka mawili membamba. Siku za mwanzo kinyunyizie maji kidogo asubuhi na jioni, maana chokaa ikikauka haraka inapasuka. Ikishakuwa ngumu paka maji ya chokaa mara tatu, mepesi kama maziwa. Pale chini tu, panapowekwa kopo lenye maji, laza kipande kimoja cha jiwe au marumaru, kiinamie nje kidogo ili maji yasisimame.

Marumaru nyingine ziishie upande wa dirisha mnapokogea, na kule kidaka hakifiki. Kijimlango usitie. Kiache wazi kipate hewa. Mama akitaka pazia, kipande cha kanga kinatosha.