Mliowahi kuipandisha RAM ya desktop spidi, tupeane uzoefu

Mzee wa Bodi: Wakuu salaam. Leo nimefungua mashine ya jirani, RAM stika inasema 3200 ila Windows inasoma 2133, tangu anunue hakuna aliyewasha XMP, ule mpangilio wa BIOS unaoiruhusu RAM ikimbie spidi ya stika. Nimewasha, imekubali bila kelele. Ila nimekumbuka balaa niliyowahi kuiona. Nyie yaliwakuta yapi?

Ngosha_PC: Hiyo siyo ovakloki mkuu, yaani kuisukuma kupita kiwango chake, umewasha tu ulichonunua.

Mzee wa Bodi: Volti ilikuwa 1.2 imepanda 1.35, we unaiitaje?

Ngosha_PC: Kiwandani walishaipima.

binti_volti: Walipima RAM. Kontrola inayoiendesha imo ndani ya CPU yako, yaani prosesa, hiyo nani alikupimia?

Ngosha_PC: Haya, mwalimu kaja.

Edita wa Harusi: Jamani mmenikumbusha mbali. Jamaa aliyenifungia mashine ya studio aliniwekea vipande vinne vya RAM, viwili kampuni hii viwili ile, akavisukuma mpaka 3600, akaniambia dada hii sasa ni ndege. Na kweli ikapaa, haizimi, hakuna skrini ya bluu, wadogo zangu wanacheza gemu mpaka usiku. Ikaja harusi ya watu, nikakopi klipu kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, nikacheki mwanzo wa kila klipu safi, nikafomati kadi maana kesho yake nina send-off ya wengine. Usiku nimekaa naedit, bibi harusi ndo anaingia ukumbini, mara uso unakatika vibox vya kijani. Nikasema pleya mbovu. Nikafungua kwenye laptop, vilevile, sekunde ileile. Hapo miguu ikaisha nguvu. Keki nayo hivyo, zawadi nazo hivyo. Nikachoma MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikawasha nayo, raundi ya kwanza haijaisha makosa mekundu yamejaa skrini. Kumbe RAM ilikuwa inageuza data kimyakimya wakati wa kukopi, diski yenyewe haina kosa, inaandika ilichopewa.

Pwani Boy: Weee! Ukoo wa bibi harusi ulikuacha salama?

mjukuu_wa_chief: Kadi je??

Edita wa Harusi: Kadi ilikuwa bado haijarekodiwa kitu juu yake, nikaiendeshea programu ya kurudisha mafaili kwa laptop, zikarudi karibu zote. Keki haikurudi. Nikaweka picha za mnato na muziki, mama mzazi akasema hapo ndo pazuri kuliko pote.

Pwani Boy: 😂😂😂

Mzee wa Bodi: Ndo maana nasema vipande vinne ni mzigo kwa kontrola. Weka viwili, tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye CPU, panda hatua moja, pima, ndo uendelee. Kwa prosesa za Ryzen 5000 ukifika 3600 tulia, ukizidisha sana kontrola inaweza kushuka nusu ya spidi, unafurahia namba huku mashine imekuwa nzito.

binti_volti: Na MemTest86 peke yake haitoshi. Piga na TestMem5 ndani ya Windows, halafu cheza gemu zito, joto la GPU (kadi ya picha) likiifikia RAM ndo utaijua rangi yake.

Ngosha_PC: Apime usiku kucha kwa umeme huu? Washa XMP lala.

binti_volti: Lala wewe. Mafaili yako hayatalala.

mjukuu_wa_chief: Ikigoma kuwaka toeni ile betri ya CR2032 kwenye bodi, mipangilio inarudi ya kiwandani.

Mzee wa Bodi: Kwanza uchomoe waya wa umeme, msije mkaua bodi bure.

Pwani Boy: Na wa DDR5, RAM za kizazi kipya, msiwe na papara. Bodi za AM5 za AMD mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, inajizoesha RAM. Shemeji yangu kazima, kawasha, kazima, kaipeleka kwa fundi, kalipa hela, fundi kaiacha tu mezani imewaka yenyewe.

mjukuu_wa_chief: Nina bodi ya H610 (ya prosesa za Intel) ya DDR4 na RAM za 3600, nizipandisheje?

binti_volti: H610 hairuhusu kuovakloki RAM. Zitakimbia 3200 hapo basi.

mjukuu_wa_chief: Basi nauza, ziko Mbagala.

Edita wa Harusi: Bei?