Re: Kazi ya kwanza ya IT, wanadai barua ya bosi wa Mwanga

Gungu (Leicester):
Wana Kigoma, mwakeye. Kazi nimepata, au niseme nimeikaribia. Ni helpdeski, kupokea simu za waliosahau pasiwedi, lakini ya kwanza ni ya kwanza. Sasa wakala anayefanya BPSS, ule ukaguzi wa awali wa historia ya mfanyakazi, amenikwamisha wiki ya 3. Anataka historia ya miaka 3 bila pengo, na miezi 14 ya hiyo nilikuwa Mwanga ya kwetu Kigoma kwenye duka la kufufua kompyuta. Mkataba hakuna, slipu hakuna, bosi alikuwa anahesabu noti jioni anakupa mkononi. Duka limefungwa, bosi nasikia kavukia Kalemie, Kongo. Nimewapa namba ya mama wa vitenge wa duka la pili, wamegoma, wanataka barua pepe ya kampuni. Nani kashapita hapa?

Ipuli (Leeds):
Hongera mdogo wangu. Angalia kwanza msimbo wa eVisa, ule wa kumwonyesha mwajiri mtandaoni kuwa una ruhusa. Tangu kadi za ukaazi za BRP zife mwisho wa 2024 watu wengi wanakwama hapo. Mimi nilizungushwa mwezi mzima, kumbe msimbo niliotoa ulianza na S.

Katubuka:
Kaka Ipuli, soma barua ya watu. Kaulizia referensi, hajaulizia visa. Na ukitaja taja yote: wa kazi unaanza na W, unaisha baada ya siku 90.

Ipuli:
Sawa mwalimu.

Isevya (Coventry):
Mie ushauri wangu piga A+, cheti cha mwanzo cha mafundi kompyuta, ukisubiri. Mitihani ni miwili, usidanganywe na wanaosema mmoja. Nilisomea zamu za usiku ghalani, maboksi huku, maswali ya printa kule. Usaili wa tano ndiyo nikaitwa. Halafu hao wakala wana roho mbaya, watakuomba uwe umeishi hapa miaka 5.

Mzee Kibirizi:
Isevya, unamtisha mtoto bure. Miaka 5 ni habari za SC, ukaguzi wa usalama wa ngazi ya juu. BPSS ni ngazi ya chini. Ukiwa umekaa nje miezi 6 au zaidi ndani ya hiyo miaka 3, unatakiwa kuieleza. Binti, bosi hakuwahi kukutumia hela kwa simu hata siku moja? Taarifa ya M-Pesa ingekusaidia.

Gungu:
Shikamoo mzee. Mara mbili tu, na moja ilikuwa ya kununulia chai.

Katubuka:
Aende kwa mtendaji wa kata aandikiwe barua.

Isevya:
Mtendaji wa Kigoma? Ataanza na "bibi yako alizaliwa ng'ambo ipi ya Malagarasi?" 😂

Mzee Kibirizi:
Usicheke. Sisi mpakani hilo swali tunaulizwa mpaka uzeeni, na tukifika huku tukachukua pasi ya kizungu, ya kwetu inakwenda. Uraia pacha tumeuimba mpaka sauti imekauka, tumeishia kupewa hadhi maalum, ambayo si uraia.

Ipuli:
Mzee, siasa tuliahidiana Jumapili.

Katubuka:
Hilo duka nalijua! Karibu na stendi? Mashine zilikuwa zinakuja na treni kutoka Dar, skrini zimefungwa kwenye mablanketi.

Gungu:
Hilo hilo. Nilikuwa nakwenda stesheni kuzipokea, narudi nanuka dagaa.

Isevya:
Treni ikichelewa semeni asante, zilipumzika Tabora zikala maembe.

Mzee Kibirizi:
Maembe! Mtu anaongelea dagaa wa Kigoma, wewe unaleta maembe. Mwaka jana nililetewa kilo 2 na mawese chupa moja, jirani akagonga kuuliza kama kuna kitu kimekufa.

Ipuli:
Mawese mlipitishaje uwanja wa ndege?

Katubuka:
Ndani ya begi la kupakia, limefungwa nailoni tatu. Isevya alimwaga lake.

Isevya:
Lilimwagwa na wabeba mizigo. Tuwe wakweli.

Gungu:
Jamani, mwisho wao ni Ijumaa. Hakuna mwenye mtu Kalemie?

Ipuli:
Mzee, hao dagaa wamebaki?